Mstari wa Mama Rungu

Mama Rungu hakulipata jina lake kwa kubembeleza watu. Alilinda geti la soko tangu akiwa na mimba yake ya kwanza mpaka mvi zikamjaa, na rungu lake lilivifahamu vichwa vya vibaka kuliko kinyozi yeyote wa mtaa ule. Aliwahi kumvunja mtulinga mwanamume aliyekuwa akikimbia na mzani wa muuza nyanya, kisha akamkalisha kando ya geti, akampa maji ya kunywa, akangoja naye mpaka askari walipofika. Mwanamume alikuwa akilia. Mama Rungu alikuwa akisoma kitabu.

Hilo la kusoma ndilo lililowashangaza watu. Mchana, soko likipoa, alikaa kwenye kiti chake cha mbao, rungu mapajani na kitabu juu ya rungu. Alisoma hadithi za majambazi, za wapelelezi, za watu wanaotupwa visimani wakidhaniwa wamekufa na kurudi kulipiza kisasi. Jalada likiwa na damu alilinunua bila kuuliza ndani kuna nini. Kibaka aliyedhani kwamba mama yule amezama kitabuni na haoni kitu alikiona kilichomtoa kanga manyoya, na baada ya kazi Mama Rungu alirudi kwenye ukurasa wake kama mtu aliyekwenda kufunga dirisha tu.

Wanawe walikuwa wawili, wa kiume wote. Baba yao aliondoka asubuhi moja akiwa na meno pungufu na hakuonekana tena. Mkubwa alipewa jina la Gogo, kwa sababu ukimsukuma ni wewe unayerudi nyuma. Mdogo wakamwita Kiwembe, mwembamba, mwepesi, na mtu akigusana naye lazima damu imtoke mahali.

Nyumbani kwao hakukuwa na kusikiliza kesi. Watoto wakigombea kitu, iwe godoro la karibu na dirisha au kiatu kipya, mama alitoka uani, akaburuta ncha ya rungu kwenye udongo, akachora mstari. Gogo upande huu, Kiwembe upande ule. Atakayevutwa au kusukumwa mpaka akaingia upande wa mwenzake ameshindwa, na maneno yameisha. Hakukuwa na refa wala mapumziko, na hakuna alichokataza. Yeye alikaa kwenye kiti, akiwatazama miguu tu.

Tuseme ukweli, alipenda kuwatazama. Alisema anawafundisha kujitetea, na labda mwanzoni ilikuwa hivyo. Lakini walipokuwa wanamgombea yeye, nani akae karibu na mama, nani atumwe na mama, alikuwa akipata raha fulani kifuani ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumpa.

Ndivyo Gogo alivyopoteza jicho la kushoto. Walikuwa bado wadogo, wakigombea nani ampelekee mama chakula getini. Gogo alikuwa anamburuta mdogo wake bila shida, na Kiwembe, alipoona kisigino chake kimefika kwenye mstari, akauchomoa mkanda kiunoni akaupunga. Chuma cha mkanda kikatua juu ya jicho. Gogo alijishika uso kwa mikono miwili akapepesuka mbele, miguu ikavuka. Mama akaitazama miguu.

"Gogo kavuka," alisema, na Kiwembe akabeba chakula siku hiyo.

Jicho lilipona kwa nje, lakini ndani likabaki na ukungu mweupe, na miaka ilivyokwenda hata ule mwanga kidogo ukazimika. Mama mwingine yeyote angeufuta ule mstari maisha. Yeye alimnunulia Gogo kofia yenye kivuli, na wiki iliyofuata akachora mwingine.

Alipostaafu, mikono yake ilikuwa bado ni ya kazi, ila macho ndiyo yaliyomsaliti. Herufi zilishikamana. Alinunua miwani, akanunua nyingine nzito zaidi, na ya tatu nayo ilipomshinda akamzaba kibao fundi miwani, mtu wa watu ambaye hakuwa na kosa lolote. Vitabu vyake vikabaki vimepangwa chini ya kitanda. Akawa mtu wa kukaa tu, na kukaa tu kulimtesa kuliko maumivu ya magoti.

Alikuwa na chumba kimoja cha biashara kwenye jengo la ghorofa karibu na soko, kwenye ukumbi mrefu wenye taa zinazopepesa, kati ya fundi viatu na mshona mapazia. Humo wanawe, ambao sasa ni watu wazima, waliuza simu, waya na makava. Chumba kilikuwa kidogo, kaunta moja, wakakigawa kwa ubao mwembamba katikati. Mambo yakaenda kwa kusukumana viwiko tu, hakuna la ajabu, mpaka zilipoingia mashine za kusomea vitabu.

Gogo aliuza ya kijivu, nyepesi, isiyo na rangi wala mbwembwe. Kioo chake kilifanana na karatasi. Ukiitoa juani maandishi yanazidi kuonekana, na ukiichaji leo unaweza kuisahau chaja wiki kadhaa. Pembeni ilikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kwenda mbele na kimoja cha kurudi nyuma. Haikufanya kitu kingine chochote duniani, na Gogo aliona hiyo ndiyo heshima yake. Ukumbini waliiita Kijivu. Kiwembe aliuza yenye kioo cha rangi kinachowaka, ya kugusa kwa kidole, na juu ya yote ilizungumza. Ukiiamuru, ilikusomea kitabu kizima kwa sauti ya mwanamke asiyechoka. Chaji yake haikumaliza siku. Gogo ndiye aliyeibandika jina la Kasuku, kwa dharau, na jina hilo likaisaidia kuuzika.

Kitabu kilichonunuliwa kwa Kijivu hakikufunguka kwenye Kasuku, na cha Kasuku hakikufunguka kwa Kijivu. Kwa hiyo mtu aliyechagua alikuwa amefunga ndoa. Ndugu wale walijua kwamba mteja aliyevuka kwenda kwa mwenzake harudi, ndiyo maana kila mteja alipiganiwa kama mpira wa mwisho.

Mama Rungu alikaa kwenye kona ya duka kwa kukosa pa kwenda, akaona watu wanavyochagua. Kila mmoja alikuja akisema anataka kujua ipi ni bora, na hakuna aliyechagua kwa ubora. Mshona mapazia alizibonyezabonyeza kama anachagua parachichi, akachukua ile isiyomteleza mkononi. Kinyozi alichukua Kasuku kwa sababu kiti cha wateja wake kinatazama ukuta mtupu. Mke wa mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama Kijivu inaonyesha jina la kitabu kwa nje, na aliposikia haionyeshi akailipia hapohapo. Wengine walimsikiliza Gogo, wakamsikiliza Kiwembe, wakamrudia Gogo, mwisho wakanunua kwa yule aliyeongea wa mwisho.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja wiki nzima na maswali. Je, macho hayatauma? Je, kampuni ikifa, vitabu vyake vitakwenda wapi? Na akifa yeye, nani atarithi? Siku ya mwisho Gogo alimshika ukosi ili amwonyeshe kioo juani, Kiwembe akamshika mkono ili amsikilizishe sauti, wakamvuta huku na huku mpaka shati likachanika na miwani yake ikaanguka ikakanyagwa. Mwalimu alinunua Kasuku, maana bila miwani alikuwa hana budi kusomewa.

Alipotoka tu, Gogo alimkamata mdogo wake shingo, akauvunja ule ubao wa katikati kwa mgongo wa Kiwembe. Kiwembe alimng'ata mkono mpaka akaonja damu. Makava yalitapakaa, waya zikawafunga miguu, wakaanguka pamoja juu ya kioo cha kaunta na kukipasua. Fundi viatu aliyeingia kuwaamua alitoka na mdomo umevimba, akamwambia Mama Rungu kwamba watoto wake watauana.

Mama Rungu alikuwa hajainuka kwenye kiti. Alimjibu kwamba hao ni ndugu, wanajuana.

Sasa, katika vita hivyo yeye ndiye aliyekuwa ngome. Ukumbi mzima ulimjua kwamba ni msomaji. Mashine atakayoshika Mama Rungu ndiyo watu watakayoiulizia. Gogo alikuwa wa kwanza kumletea yake. Alimkuzia maandishi mpaka mwisho wa kukuza, ukurasa ukabaki na maneno manne au matano tu, meusi na manene. Mama akaishika, akasogea mlangoni penye jua, akasoma: *Maiti haikuwa na viatu.* Akabonyeza kitufe. Akasoma tena. Kisha mama aliyevunja watu mifupa bila kupepesa alilia waziwazi mbele ya wateja, kamasi na machozi, na Gogo akasimama pale asijue mikono yake aiweke wapi kwa furaha.

Kesho yake Kiwembe alimletea Kasuku ikiwa na kitabu kilekile. "Lala chali, mama," alimwambia, "pumzisha macho, huyu dada atakusomea." Naye akalala, akasomewa, akapenda.

Kwa hiyo asubuhi alisoma kwa Kijivu kibarazani, na macho yakichoka alijinyoosha kitandani akasikiliza Kasuku. Kurasa hazikulingana, ikabidi akumbuke mwenyewe maiti imefikia wapi, lakini hilo halikumsumbua. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu alikuwa ameridhika. Hakuhitaji kuchagua.

Wanawe ndio waliohitaji. Gogo akija aliichomoa Kasuku kwenye umeme ili izimike katikati ya sura. Kiwembe akija aliificha Kijivu chini ya magodoro. Wakikutana mlangoni walipigana vibao kwanza ndipo wakamsalimia mama yao. Mwishowe, Jumapili moja mchana, walifika wote wawili kwa pamoja, wamekunja sura, wakamwambia wamechoka. Chumba cha duka ni kidogo na hakiwatoshi. Mama achague mashine moja mbele yao, na mwenye mashine hiyo abaki na chumba. Mwingine atoke, akauze barabarani.

Angeweza kuwaambia anazipenda zote mbili. Ndiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa ni sentensi moja tu. Angeweza kuwafukuza wote, angeweza hata kurusha sarafu. Lakini katika nyumba ile hakuna kitu kilichowahi kuchaguliwa kwa mdomo, na aliwatazama wanaume wale wawili, mmoja na kitambi chake, mwingine na upara wake, wakihema kwa ajili yake, na ile raha ya zamani ikampanda kifuani.

"Tokeni uani," alisema.

Hakuna aliyeuliza kufanya nini. Walivua mashati, wakayakunja vizuri jinsi walivyofundishwa, wakayaweka juu ya ndoo. Mama alitoka na kiti, mashine zote mbili zikiwa mapajani mwake, na rungu mkononi. Akachora mstari kutoka kwenye karo la kufulia mpaka ukutani. Udongo ulikuwa mkavu na mstari ukaonekana vizuri hata kwa macho yake.

Walianza kwa kushikana mikono, lakini hawakukaa hapo. Gogo alimvuta mdogo wake karibu, akampiga kichwa cha pua. Sauti yake ilikuwa ya kijiti kikavu kikivunjika. Kiwembe alitema damu akamrukia, akamchana shavu kwa kucha kutoka sikioni mpaka kwenye kidevu. Gogo alimkumbatia kifua akabana, akabana, mpaka kikasikika kitu kikikatika ndani, mbavu moja au zaidi, na Kiwembe akatoa mlio usio wa mtu mzima. Bado hakuachia. Alimtia Gogo kidole kwenye kona ya mdomo akauvuta mdomo uchanike. Walikanyagana miguu, walipigana magoti, walivutana masikio, na hawakutukanana hata kidogo, maana pumzi yote ilikuwa kazini. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Mama mmoja alilia kwamba waamuliwe, watauana. Mama Rungu alimjibu bila kugeuka.

"Waacheni. Wanaamua."

Gogo alikuwa anashinda. Uzito ulikuwa wake tangu utotoni. Alikuwa amemkamata mdogo wake viganja viwili na anarudi nyuma hatua kwa hatua, akimburuta kuelekea mstarini, na visigino vya Kiwembe vilichimba mifereji miwili kwenye udongo. Wakapita karibu kabisa na kiti cha mama. Damu ya pua ya Kiwembe ilimdondokea mama kwenye kanga. Kidole cha mguu wa Kiwembe kikagusa mstari. Hapo Kiwembe akauchomoa mkono mmoja uliokuwa unateleza kwa damu, akaupeleka mapajani mwa mama yake, akashika alichokishika.

Mama Rungu alikisikia kinachukuliwa. Huyu ni mama ambaye mwanamume mzima hakuweza kumpokonya mfuko wa viazi. Vidole vyake vilikuwa vimeikamata mashine ile, na vingeendelea kuikamata kama angetaka. Aliiachia.

Ilikuwa Kijivu. Kiwembe aliipiga kwa ubapa, lakini ikageuka mkononi ikaenda kwa kona, na kona ikaingia kwenye jicho la kulia la kaka yake, lile moja alilokuwa nalo.

Gogo hakupiga kelele mara moja. Alimwachia mdogo wake, akajishika uso kwa mikono miwili kama siku ile ya mkanda, akaenda mbele, akaenda mbele tena, akavuka mstari mzima na kuanguka kwa magoti upande wa Kiwembe. Kisha ndipo akapiga kelele, na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Mama Rungu aliitazama miguu. Ilikuwa ni mazoea tu, shingo iliinama yenyewe. Miguu ya Gogo ilikuwa upande usio wake, wazi kabisa, na maneno mawili yakamjia ulimini tayari. *Gogo kavuka.* Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo alipomwona Kiwembe akiwa bado ameishika ile mashine, kioo kimepasuka, na kona yake ina kitu ambacho si damu tu. Aliyameza yale maneno, na hakuna kitu alichowahi kumeza maishani kilichomkwama kama hicho.

Kwenye hospitali waliulizwa kimetokea nini. Mama Rungu alisema mwanawe ameanguka, na muuguzi akamtazama kanga yenye damu, akamtazama Kiwembe aliyekuwa anahema kwa upande mmoja, akaandika ameanguka. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alisema jicho halitarudi. Aliuliza lile jingine lilipata nini, na mama akajibu kwamba hilo ni la zamani.

Akakaa kwenye benchi la korido. Rungu hakuja nalo, na mikono yake haikujua pa kukaa. Alifikiria geti la soko na vibaka wote aliowavunja, na akaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyemfanyia kitu kibaya kuliko alichokifanya yeye kwa kukaa kwenye kiti. Aliona haya, haya ya kweli, ya kutaka kujificha, na alikuwa mzee mno na hakuwa na pa kujificha.

Kiwembe alikuja kukaa kando yake siku ya pili, kifua kimefungwa bendeji, pua imehamia shavuni. Alitoa mfukoni Kijivu mpya. Alikuwa ameichukua kwenye rafu ya kaka yake, akakitia kile kitabu cha maiti asiye na viatu, akakuza maandishi mpaka mwisho. Aliiweka mapajani mwa mama, mahali palepale.

"Mama, atakuuliza," alisema.

"Najua."

"Mwambie nilivuka mimi."

Mama alimwambia kwamba akisema hivyo, chumba ni cha Gogo, na hakuna kurudi nyuma. Kiwembe alijibu kwamba mizigo yake ameshaitoa. Kaunta ameifuta. Ufunguo ameuacha kwa fundi viatu. Alisema hayo akiwa anatazama sakafu, na alipoinuka ilibidi ajishike ukutani. Alitamani mama amwite arudi, hilo lilionekana mgongoni kwake mpaka mwisho wa korido. Mama hakumwita. Hakujua amwite kwa jina gani, la mwana aliyeshinda au la aliyeshindwa.

Gogo alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa chote isipokuwa mdomo na ncha ya pua. Mdomo ulikuwa umeshonwa pembeni, akawa anaongea kwa kona moja. Aliisikia hatua ya mama yake, akaijua. Hakuuliza kuhusu jicho. Alinyoosha mkono, mama akaushika, na Gogo akauliza lile ambalo lilikuwa limemnyima usingizi.

"Mama, nani alivuka?"

Katika maisha yake yote Mama Rungu hakuwahi kudanganya kuhusu mstari. Aliwadanganya askari, wanaume, wenye nyumba. Mstari, kamwe.

"Mdogo wako," alisema. "Mdogo wako alivuka."

Gogo alitoa pumzi, na mwili wake mkubwa ukalegea kitandani. Akasema alijua. Alisema alimsikia yule dogo akiteleza. Akauliza kama sasa basi mama amechagua, na mama akajibu ndiyo, anasomea Kijivu, ile nyingine ameirudisha. Ukweli ni kwamba Kasuku ilikuwa nyumbani, kwenye sanduku chini ya vitabu, chaji imejaa. Ingemsomea mtu huyu kitabu hiki na vingine vyote vilivyobaki maishani mwake, usiku na mchana, bila kukohoa. Ilikuwa ndiyo mashine pekee duniani iliyomfaa, na mama yake hangeweza tena kuitoa sandukuni bila kumwambia ameshindwa.

"Unayo hapo?" Gogo aliuliza.

"Ninayo."

"Nisomee basi."

Mama aligeuza kiti kuelekea dirishani. Akaisogeza mashine mpaka ikakaribia kumgusa pua. Alikuwa hajawahi kumsomea mtu kwa sauti, hata walipokuwa wadogo. Sauti yake miaka yote ilikuwa ya kufukuza tu.

"Maiti," alisoma. "Haikuwa. Na viatu."

Akabonyeza kitufe. Maneno mengine manne. Yalikuwa yakicheza, akangoja yatulie, akayasoma, akabonyeza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka kusikiliza. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida ulichukua muda wa kupoza chai, na koo lilikuwa limeanza kukauka.

"Polepole, mama," Gogo alisema. "Unasoma kama unakemea vibaka."

Akapunguza sauti. Akabonyeza, akasoma, akabonyeza. Machozi yalimziba macho, ikabidi ayafute kwa ncha ya kanga ndipo aone neno lililofuata, na Gogo, kwa kuwa haoni, alidhani ni mashine inayofikiri. Alitabasamu kwa ile kona moja ya mdomo iliyokuwa nzima.

"Unaona?" alisema. "Nilikuwa nakwambia kila siku. Ungechukua ile Kasuku, saa hizi ningekuwa nasikiliza mashine."

"Naona, mwanangu," alisema mama yake, akabonyeza kitufe.